Ninapanga kupanda mlima uliozama

Ubao wangu umening'inia kwenye dari ya stoo, kati ya mahema mawili yanayokaushwa na rundo la mifuko ya kulalia. Una urefu wa futi sita na inchi nne, rangi ya maziwa iliyoanza kugeuka njano, na jeraha moja ubavuni nililoliziba mwenyewe kwa resini. Wapagazi wanaokuja kuchukua vifaa hapa Soweto, Moshi, huugonga kwa vidole na kuniuliza ni wa nini. Nikiwajibu kwamba ni wa kupanda mawimbi, wengi hutikisa kichwa na kuendelea na kazi. Kupanda ndiyo kazi yetu. Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja kwa mlima, kwa gari, kwa farasi na kwa wimbi, na mimi nimekula kwa kitenzi hicho miaka kumi na moja.

Mawimbi niliyajulia Durban, nilikosoma na kufanya vibarua kwa miaka mitatu kabla ya kurudi Moshi na kuwa mwongozaji wa Kilimanjaro. Tangu nirudi, kila masika yanapoingia nabaki bila kazi. Mwezi wa nne njia za mlimani ni tope, wageni ni wachache, na mtu mwenye akili hutengeneza vifaa vyake akisubiri Juni. Aprili hii sitasubiri. Nakwenda Huvadhoo, atoli (pete ya visiwa na matumbawe) iliyo kusini mwa Maldivi, chini ya nyuzi moja kutoka Ikweta, kupanda mawimbi yanayovunjikia kwenye mwamba wa matumbawe. Nimeipanga safari hii kwa miezi kumi na minne, na nataka kueleza nilivyoipanga, maana sehemu kubwa ya elimu niliyoihitaji niliipata mtaa wa Pasua hapa hapa Moshi, kwa mzee wa Kitanga, kwa maneno ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla simu hazijaanza kutabiri hali ya hewa.

Kwanza nijibu swali ambalo kila mtu huniuliza: kwa nini niende mbali wakati tuna bahari yetu? Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye ramani. Mawimbi marefu, yale yanayokuja kwa mpangilio na ambayo mtu anaweza kuyapanda kwa muda, huzaliwa kusini sana mwa Bahari ya Hindi, kwenye nyuzi 40 hadi 50 kusini, ambako dhoruba huzunguka dunia zikikutana na nchi kavu kidogo sana. Kutoka huko mawimbi husafiri kuja kaskazini. Sasa itazame Madagaska. Ina urefu wa kilomita 1,600 hivi na imelala mbele yetu kama mtu aliyelala mlangoni. Sehemu kubwa ya mawimbi hayo hufia upande wake wa pili. Yanayofika Mafia, Unguja na Pemba ni mabaki, yakichanganyika na mawimbi mafupi yanayosukumwa na kusi. Ndiyo maana Paje imejaa watu wanaovutwa na tiara, upepo wanao. Maldivi, kwa upande wake, ukitazama kusini hakuna kitu hadi Antaktika isipokuwa visiwa vidogo vya kuhesabika.

Hata hivyo nilijaribu kwetu. Miaka minne iliyopita, mwezi wa saba, nilikwenda Jambiani na ubao huu huu. Mwamba wa huko uko mbali na ufuko, na kati yake na mchanga kuna maji tulivu ya kina kifupi. Nilitoka maji yakiwa yamejaa, nikavuka mwamba bila kuugusa, nikakaa nje zaidi ya saa tatu. Sikuwa nimeangalia mwezi. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji ya bamvua, na kwenye pwani yetu bamvua huweza kushusha maji hadi karibu mita nne. Nilipogeuza ubao kurudi, mwamba ulikuwa nje, wa kahawia, ukichuruzika maji kila upande, na sikuona pa kupita ila kutembea juu yake. Nilitembea peku kama dakika arobaini. Mguu wa kushoto ulichanika sehemu tatu. Niliusuuza kwa maji ya bahari, nikafunga kitambaa, nikapanda boti kesho yake. Siku ya nne ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Nilikaa wiki sita bila kwenda mlimani, Agosti nzima ikiwemo, na safari tano za wageni zikaenda kwa wenzangu.

Mguu huo ndio ulionipeleka kwa mzee. Binti yake anauza samaki Mbuyuni, aliniona nachechemea, akaniuliza, na nilipomaliza kumweleza akasema, "Kaka, njoo nyumbani umsimulie baba. Ameachana na bahari lakini bahari haijaachana naye."

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka kibarazani, redio imezimwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mguu umefanyaje?"

Nikasimulia. Kuhusu ubao hakuuliza chochote. Aliuliza, "Mwezi ulikuwa na siku ngapi?"

Nikasema sijui.

"Basi ulikwenda baharini bila kubisha hodi," akasema, akamwita mjukuu alete chai.

Tangu siku ile, kila Jumapili nikiwa mjini, nafika Pasua jioni. Ameniwekea kichwani vitu ambavyo Durban nilivisoma kwa namba na kuvisahau. Mwezi ukiandama na ukipevuka, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na mkondo kwenye milango ya mwamba huenda mbio. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na mvuvi mvivu hufurahi. Kusi na kaskazi nilizijua kwa majina kama kila Mtanzania. Alichonifundisha ni kwamba kati yake kuna vipindi vya maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari hulainika, na kwamba kusi likizeeka huitwa demani. Mtu anayepanga safari ya chombo, alisema, hupanga kwanza upepo, halafu siku, halafu watu.

Hapo ndipo mpango wangu ulipopata umbo. Watu wa Maldivi nao wana misimu miwili: Iruvai, upepo wa kaskazini-mashariki, na Hulhangu, upepo wa kusini-magharibi. Nilipomtajia mzee majina hayo alicheka kwa furaha kabisa, maana Iruvai ni kaskazi yetu ile ile. Na Hulhangu ni ndugu wa kusi. Upepo unaotupiga sisi kutoka kusini-mashariki, ukivuka Ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, ukawafikia wao ukitokea kusini-magharibi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na mwaka 1343 alikuwa Maldivi, akafanywa kadhi huko. Pande zote mbili za bahari watu walisafiri kwa ratiba ya pepo hizo hizo. Nilipolifahamu hilo, Huvadhoo ilianza kuwa mahali panapojulikana, angalau kwa upande wa hewa.

Miamba ninayoitaka iko kwenye ukingo wa kusini wa atoli hiyo. Wapanda mawimbi wameipa majina kama Beacons, Tiger Stripes na Love Charms. Kaskazi ikiwa bado inapumua, upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini upande huo, na uso wa wimbi hubaki laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Hulhangu ikishika kasi katikati ya mwaka, upepo huingia kutoka baharini na kulivuruga wimbi. Kwa hiyo Februari hadi Aprili ni msimu mzuri wa kusini, na Aprili ndiyo maleleji yenyewe. Ni mwezi ule ule ambao mlima unanifukuza. Mambo haya mawili yalipokutana kwenye kalenda yangu nilikaa kimya muda mrefu.

Halafu kuna mawimbi yenyewe. Watu wengi huuliza wimbi lina mita ngapi, lakini namba ninayoitafuta mimi kwanza ni sekunde: muda kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Sekunde nane maana yake ni upepo wa jirani, fujo tupu. Sekunde kumi na sita maana yake dhoruba kubwa ya mbali. Kundi la mawimbi ya sekunde 16 husafiri kwenye kina kirefu kwa kasi ya kilomita 45 hivi kwa saa, mwendo wa Hiace ya Marangu inayopakia na kushusha, ila halisimami usiku wala mchana. Kutoka nyuzi 45 kusini hadi Ikweta ni karibu kilomita 5,000. Gawanya, unapata siku nne na nusu mpaka tano. Kwa hiyo dhoruba ninayoiona kwenye ramani ya Jumatatu ni wimbi la Ijumaa au Jumamosi. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikifanya zoezi hili mezani kwangu: naangalia ramani ya dhoruba, naandika kwenye daftari siku ninayotarajia wimbi lifike Huvadhoo na ukubwa wake, halafu nalinganisha na vipimo vya siku hiyo. Miezi ya mwanzo nilikosea mara nyingi. Sasa siku napata vizuri. Ukubwa bado unanisumbua.

Sekunde hizo zina maana nyingine, ya hatari. Wimbi la sekunde 16 lina urefu wa mita 400 hivi kutoka kilele hadi kilele, na huanza kuigusa sakafu ya bahari kwenye kina cha nusu ya urefu huo, yaani mita 200. Kwenye ufuko wa kawaida sakafu hupanda taratibu, na wimbi huchoka njiani. Atoli haina utaratibu huo. Ukuta wake wa nje hushuka wima hadi mamia ya mita, kwa hivyo wimbi huja na nguvu zake zote, likasimama ghafla juu ya mwamba wenye maji ya kifuani, pengine ya magotini. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na ndipo mtu anapovunjika.

Ni ukuta huo ulionifanya nisome atoli ni kitu gani hasa, na sikulala usiku ule. Charles Darwin alieleza mwaka 1842 kwamba atoli huanza kama volkano iliyotoka baharini. Matumbawe hujenga pete kuizunguka. Volkano ikipoa huzama polepole kwa uzito wake na kwa kushuka kwa sakafu ya bahari, huku matumbawe yakiendelea kujenga kwenda juu yakifuata mwanga, mpaka mlima unatoweka na pete inabaki na maji katikati. Mwaka 1952 walichimba kwenye atoli ya Enewetak katika Bahari ya Pasifiki, wakapita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ndipo wakagonga jiwe la volkano. Maldivi historia yake ina mizunguko zaidi, lakini chini ya visiwa vile nako kuna jiwe la volkano, limefunikwa na zaidi ya kilomita 2 za chokaa.

Mimi nimezaliwa chini ya volkano. Kibo, Mawenzi na Shira nimeyakanyaga yote, na nimesimama mita 5,895 mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sasa nakwenda kwenye nchi ambayo sehemu yake ya juu kabisa ya asili ni kama mita mbili na nusu, kupanda wimbi juu ya kaburi la mlima. Na vyote viwili vinaumwa ugonjwa mmoja. Barafu niliyowaonyesha wageni wangu wa kwanza imerudi nyuma mbele ya macho yangu. Matumbawe ya Maldivi yalipauka vibaya kwa joto la maji mwaka 1998, na tena 2016. Mwamba hai hujirekebisha na kukua. Uliokufa humomonyoka, na mwamba ukimomonyoka wimbi nalo hubadilika, na kisiwa nyuma yake hukosa ngao. Sitaukanyaga mwamba ule nikiweza kuuepuka, na mguu wangu ni sababu ya pili tu.

Upande wa usafiri hauna mengi. KIA hadi Doha, Doha hadi Malé, kisha ndege ndogo ya ndani hadi Kaadedhdhoo, na mwisho boti. Mtanzania hupewa kibali cha siku 30 akifika, bila malipo, awe na tiketi ya kurudi na mahali pa kulala palipothibitishwa. Fomu ya mtandaoni hujazwa ndani ya saa 96 kabla ya safari. Kadi ya homa ya manjano ninayo. Ubao ndio wa kuulizia mapema, kwa maandishi, hasa kwa ndege ndogo ambazo zina mipaka ya urefu wa mzigo. Jibu lao nimelichapisha na litakaa mfukoni. Nitalala nyumba ya wageni kwenye kisiwa cha wananchi, jambo lililoruhusiwa huko miaka kumi na tano hivi iliyopita, na linalomwezesha mtu wa kipato changu kufika. Kwenye visiwa hivyo hakuna pombe, Ijumaa ina heshima yake, na mtu huvaa kwa staha. Aliyelelewa Moshi, jirani mmoja akienda kanisani na mwingine msikitini, hahitaji kufundishwa hilo.

Kilichochukua muda ni kurudi. Mlimani, kabla sijamwambia mgeni saa ya kuanza safari ya kileleni, mimi tayari najua saa ya kumgeuza na njia ya kumshusha. Nimeipanga Huvadhoo kwa kuanzia huko huko. Nikivunjika mguu mwambani, nani ananitoa majini? Boti ina injini ngapi, ina redio, nahodha anakaa karibu au anarudi kisiwani kuvua? Hospitali ya karibu iko Thinadhoo, ndani ya atoli hiyo hiyo, na kubwa zaidi iko Malé, kama kilomita 400 kaskazini. Maswali hayo niliyaandikia nyumba tatu za wageni. Moja ilinijibu kila swali kwa mstari wake, pamoja na muda wa boti hadi Thinadhoo bahari ikiwa mbaya. Hiyo ndiyo nimeilipa. Bima nimechukua inayogharimia kubebwa kwa ndege, nami nimesoma masharti yake hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu nimewahi kuona mgeni akilala na mapafu yaliyojaa maji huku watu wakibishana kwa simu juu ya kifungu kimoja.

Binamu yangu ni muuguzi Arusha. Alikuja Jumamosi moja na kunitengenezea sanduku la dawa, akanikalisha kama mtoto wa shule.

"Kaka, jeraha la matumbawe ni chafu hata likionekana safi," alisema. "Unalisugua kwa maji safi na sabuni mpaka vipande vyote vitoke. Ukilia, lia, lakini sugua."

Kuna brashi laini, kibano, ayodini, shashi, plasta, chumvi za kuongeza maji mwilini, na dawa ya kuua bakteria aliyoiandika daktari pamoja na maelezo ya lini niinywe. Ukichomwa na samaki-jiwe, yule anayejificha kama mwamba, mguu hutiwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi joto 45, wakati unapelekwa hospitali. Malaria Maldivi hakuna, WHO ilithibitisha mwaka 2015, ila homa ya dengi ipo, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu inaenda. Nimeongeza viatu vya mpira, kofia ngumu, na kamba mbili mpya za mguuni.

Mwili nao unataka matayarisho yake. Moshi haina bahari, basi naogelea asubuhi tatu kwa wiki kwenye bwawa la hoteli, na jioni nalala kifudifudi kwenye benchi nikivuta mipira iliyofungwa ukutani, kama mtu anayepiga kasia kwa mikono. Kubana pumzi majini nafanya pale tu mlinzi wa bwawa anaponitazama. Kuna watu wazima wenye nguvu waliokufa kimya kwenye maji ya futi nne kwa zoezi hilo.

Mama yangu, kule Kibosho, hajui kuogelea na hapendi safari hii. Sikujaribu kumbadilisha. Nilimpelekea karatasi moja niliyoiandika kwa mkono: tarehe za kuondoka na kurudi, majina ya visiwa, namba ya nyumba ya wageni, namba ya bima, na siku ambazo nitampigia simu. Aliisoma mara mbili, akauliza Kaadedhdhoo inatamkwaje, akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Mlimani tunaiacha getini karatasi kama hiyo, na naamini aliielewa vizuri kuliko maneno yangu yote.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuagana na mzee wa Pasua. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo nilijua atalipenda. Wavuvi wa Maldivi waliugawa mwaka katika vipindi 27 vinavyoitwa nakaiy, kila kimoja siku 13 au 14, 18 vya Hulhangu na 9 vya Iruvai, na kila kimoja kina tabia yake ya upepo, mvua na samaki. Kipindi cha kwanza cha Hulhangu, Assidha, huanza tarehe 8 Aprili. Mimi nitatua tarehe 6.

Mzee aliweka kikombe chini. Babu yake, mtu wa Pemba, alimfundisha kuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, ile ambayo Makunduchi huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa: miongo 36 na siku tano za ziada. Alihesabu kwa vidole akinong'ona, akarudia, mpaka akaupata mwongo ambao siku yangu ya kutua itaangukia. Kisha akamwomba mjukuu wake daftari la shule ambalo halijaanzwa. Akapiga mstari katikati ya ukurasa kwa rula. Upande wa kushoto akaandika, kwa mwandiko wa taratibu, mwongo, na chini yake upepo anaoutarajia Tanga kila siku tangu nitakapoondoka hadi nitakaporudi: unatoka wapi, unaanza saa ngapi, unakufa lini. Upande wa kulia ameuacha mtupu.

"Huko waulize wenyewe," alisema. "Andika wanavyosema wao, si simu."

Daftari liko ndani ya mfuko wa ubao, limefungwa kwenye nailoni mbili.